Kabla ya Miaka Thelathini: Ni Uzungu au Ni Ukombozi?

Miongoni mwa vijana wasomi wa Thika na Ruiru kumezuka ada ambayo wazazi wao hawakuijua. Kijana anapokaribia kutimiza miaka thelathini, huketi akaandika orodha ya mambo ambayo hajawahi kuyafanya maishani, kisha akajiwekea ahadi ya kuyafanya kabla ya siku hiyo kufika. Wapo wanaoandika mambo kumi, na wapo wanaoandika thelathini kamili, jambo moja kwa kila mwaka waliouishi. Katika orodha hizo mna kuogelea, kupanda mlima, kulala hemani, kusafiri kwa ndege, kunyoa nywele zote, kula chakula cha kabila jingine. Wazee wakisikia hutikisa vichwa. Wasomi nao, hasa waliolelewa katika fasihi ya kupinga ukoloni mamboleo, hawachelewi kutoa hukumu: huo ni uzungu, ni kasumba, ni anasa ya watu wasio na kazi.

Hukumu hiyo ni ya haraka mno, na haina budi kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Ni kweli kwamba jina la mtindo huu lilitoka ng'ambo. Mwaka wa 2007 kulitolewa Marekani filamu iitwayo The Bucket List, ambamo wazee wawili wagonjwa, walioigizwa na Jack Nicholson na Morgan Freeman, wanaondoka hospitalini kwenda kutimiza matamanio yao kabla ya kufa. Tangu hapo jina hilo limeenea kama moto wa nyikani. Kwa mwanafunzi wa tafsiri, jina lenyewe ni mtego. Waingereza husema mtu aliyekufa kwamba ameipiga ndoo teke. Ndoo ya orodha hiyo, kwa hiyo, ni mauti. Akitokea mfasiri mvivu akaiita "orodha ya ndoo", mkazi wa Ruiru aliyezoea mgao wa maji atadhani ni zamu ya kuchota kisimani.

Kiswahili hakina haja ya ndoo hiyo. Lugha hii tangu jadi husema kuhusu mtu mzima kwamba amekula chumvi nyingi. Umri, kwa mujibu wa msemo huo, haupimwi kwa umbali uliobaki hadi kaburini, bali kwa yale yaliyokwisha kupita ulimini. Mwenye miaka sitini ambaye kila siku yake ilifanana na ya jana yake amehesabu kalenda tu, chumvi hajaila. Basi na iitwe "orodha ya chumvi", na wanaistilahi wakipata jina bora zaidi walilete.

Hoja ya uzungu huzidi kudhoofika ikitazamwa historia ya maeneo hayo hayo. Jomo Kenyatta, mzaliwa wa Gatundu iliyo jirani na Thika, hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa, na waandishi wa wasifu wake wamebaki kukisia tu kwamba ni katika miaka ya 1890. Mwaka wa kutahiriwa kwake, hata hivyo, unajulikana: ni 1913. Jambo hilo si la kushangaza. Katika jamii ya Wakikuyu vijana waliotahiriwa pamoja waliunda riika, neno ambalo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili atalitambua kuwa ndugu wa "rika", na rika hilo lilipewa jina kutokana na tukio kubwa la msimu wao: nzige, njaa, ugonjwa, au chombo kigeni kilichoonekana kwa mara ya kwanza. Kundi lililoitikisa Nairobi baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia liliitwa la Arobaini kwa sababu lilihusishwa na rika la mwaka wa 1940. Pwani nako kulikuwa na jando na unyago. Mtu hakufikisha umri kwanza ndipo akafanyiwa jambo. Alifanyiwa jambo, ndipo akahesabiwa kuwa amefikisha umri.

Hii haimaanishi kwamba orodha ya chumvi ni jando jipya. Jando lilipangwa na wazee, halikuomba ridhaa ya mtu, na kwa wasichana wa jamii kadhaa lilikuwa na ukatili ambao sheria ya Kenya iliupiga marufuku kikamilifu mwaka wa 2011. Hakuna mwenye akili timamu anayetamani kuurejesha. Lililopo ni kwamba wazo la kuvuka kizingiti cha umri kwa kupitia jambo jipya, gumu, lenye siku yake maalumu, halikuletwa na filamu. Lilikuwapo. Kilichoagizwa kutoka nje ni keki na mishumaa.

Sasa chukua mfano wa mwalimu wa kike mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. Ana shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia. Amepanga chumba kimoja Ruiru, na kila alfajiri hupanda matatu hadi Thika, mwendo wa kilomita ishirini hivi katika ile barabara kuu iliyokamilishwa mwaka wa 2012, akafundishe katika shule ya kutwa ambako mshahara wake hutolewa na bodi ya shule, tena si kila mwezi. Mwalimu huyu ni wa kubuni, lakini wasomaji wengi wa kurasa hizi wanamjua kwa sura.

Tangu ahitimu, maisha yake yamenyambuliwa katika hali moja tu ya kitenzi, hali ya -ki-. Nikipata ajira ya kudumu, nitahamia nyumba yenye sebule. Nikipata mchumba, nitakwenda kuiona Lamu niliyoisoma katika tenzi. Nikipata fedha, nitajifunza kuendesha gari. Nikitulia, nitaandika. Wanasarufi huiita hali hiyo ya masharti, na sifa yake ni kwamba kitenzi cha pili hakitendeki mpaka cha kwanza kitendeke. Miaka sita imepita na kitenzi cha kwanza hakijatendeka. Cha pili kinangoja mlangoni, kimevaa viatu.

Jamii na dola hazimsaidii kujua yuko wapi. Kifungu cha 260 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinamtambua kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka kumi na minane na ambaye hajatimiza thelathini na mitano. Kwa hiyo, katika fomu za mikopo na za zabuni, mwalimu huyu ni kijana, na atabaki kijana kwa zaidi ya miaka mitano mingine. Katika harusi ya binamu yake hali ni tofauti: kule anaulizwa na shangazi zake kama ameamua kuzeekea nyumbani. Dola linamwambia bado mapema, ukoo unamwambia umechelewa, naye amesimama katikati, hana saa yake mwenyewe.

Hapo ndipo orodha ya chumvi inapopata uzito ambao wanaoidharau hawauoni. Ajira imo mikononi mwa mwajiri. Ndoa imo mikononi mwa watu wawili na koo mbili. Nyumba imo mikononi mwa benki. Takribani kila kizingiti kilichotumiwa kumpima mtu mzima katika Kenya ya leo kina bawabu, na bawabu huyo si kijana mwenyewe. Jambo jipya dogo, analoweza kulifanya Jumamosi hii kwa miguu yake na kwa nauli aliyo nayo, ndicho kizingiti pekee kisicho na bawabu. Anayemcheka mwalimu huyu kwa kuandika karatasi yake anamcheka kwa kutengeneza saa baada ya kuchoka kuuliza wakati.

Shaaban Robert aliipa sehemu ya pili ya tawasifu yake jina la Baada ya Miaka Hamsini. Alizaliwa mwaka wa 1909, akafariki mwaka wa 1962 akiwa na miaka hamsini na mitatu. Ile "baada" ilikuwa na miaka mitatu tu ndani yake. Bahati njema ni kwamba gwiji huyo hakuwa ameisubiri ili aanze kuandika.

Hata hivyo, kuitetea orodha si kuzitetea orodha zote. Nyingi zinazoonekana ni orodha za bei. Kwenda Dubai, kununua gari, kulala katika hoteli ya ufuoni, kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege huko Diani. Yasemwe wazi: hakuna ubaya katika hayo kwa mwenye uwezo. Ila kijana asiye na mshahara wa uhakika anapoyaandika, amerudi kule kule kwenye -ki-. Amechukua saa aliyoitengeneza kwa mikono yake akamkabidhi bawabu. Siku ya kutimiza miaka thelathini ikifika na Dubai haijaonekana, atakuwa na aibu mbili badala ya moja: ya kutopata kazi, na ya kutotimiza orodha aliyoiandika mwenyewe.

Kasoro ya pili ni picha. Kuna watu wanaofanya jambo jipya ili waonekane wamelifanya, na hao hulimaliza kwa dakika tano. Nenda Fourteen Falls, yale maporomoko ya Mto Athi yaliyo upande wa Kilimambogo kutoka Thika, siku ya Jumapili. Utawaona wakishuka garini, wakapigana picha juu ya mawe, wakaondoka. Picha hizo ni nzuri mno. Hazionyeshi povu wala hazitoi harufu. Mto Athi hupokea maji ya Mto Nairobi pamoja na taka zote za jiji, na mwenye kukaa pale saa nzima badala ya dakika tano huondoka na ujuzi ambao picha haimpi: kwamba kile anachokimwaga katika mfereji wa Githurai au Kariobangi kinakuja kumlaki likizoni. Hilo nalo ni jambo jipya. (Na ieleweke kwamba maji yale yameua watu, anayetaka kuvuka mawe na amtafute mwenyeji anayeujua mto, aache maringo.)

Ni jambo gani basi linalostahili kuandikwa? Fasihi ya Kiswahili ina shahidi wake katika suala hili, na shahidi huyo hakuwa na karatasi wala kalamu.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka wa 1880, akapewa jina la Mtumwa. Watu wa nyumbani kwake walikuwa wafinyanzi, naye alizunguka akiuza vyungu. Mwaka wa 1911, akiwa na umri wa miaka thelathini au zaidi kidogo, alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambaye alimfundisha uimbaji. Fikiria hali hiyo. Ni mwanamke wa shamba, asiyejua kusoma, mwenye umri ambao majirani walikwisha kumhesabia kuwa amefika alikokuwa akienda; anaketi mbele ya mwalimu kama mtoto wa chuoni, anakosea, anarudia. Husimuliwa kwamba sauti aliyoinadia vyungu ndiyo iliyomfikisha huko. Mwaka wa 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na taarabu, iliyokuwa imezoeleka kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa, ikasikika kwa Kiswahili katika baraza za watu wa kawaida. Shaaban Robert alipochagua mtu wa kumwandikia wasifu, hakumchagua sultani. Alimchagua muuza vyungu huyu.

Kisa cha Siti hutumiwa mara nyingi kuthibitisha kwamba umri si kikwazo. Hilo ni kweli, ila si lote. Jambo la thamani zaidi ni aina ya upya aliouchagua. Halikuwa jambo la kununua, wala halikuwa la mbali na alichokuwa nacho: sauti ilikuwa yake tangu vyunguni. Tena lilimrudisha kuwa mwanafunzi mbele ya watu, akiwa mtu mzima. Watu wazima wengi wangekubali kufa mara mbili kuliko kuonekana hawajui. Hapo ndipo kilipo kipimo cha orodha ya chumvi. Jambo jipya la kweli ni lile linalomrudisha mtu kuwa asiyejua, mbele ya wengine, karibu na anapoishi.

Kwa kipimo hicho, Ruiru na Thika ni hazina ambayo wakazi wake wengi wanaipita usingizini. Sensa ya mwaka wa 2019 iliipa Ruiru watu 490,120, karibu maradufu ya Thika, na ikawa mji wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Wengi wao ni wahamiaji wanaolala hapo na kuondoka kabla ya jua. Mtu anaweza kuishi Ruiru miaka mitano akawa anajua kituo cha matatu, duka la mkabala na lango la ploti, na njia ya Kamakis ya kwendea nyama choma. Kumbe jina la mji wake limepandwa katika mashamba ya kahawa: aina iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 baada ya utafiti uliofanywa katika kituo cha hapo hapo Ruiru, huzalishwa ili kustahimili kutu ya majani na chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni mtini. Ni wakazi wangapi wa vyumba vya kupanga vya Ruiru waliowahi kuichuma buni nyekundu kwa vidole vyao, hata kwa asubuhi moja, kuona jinsi debe linavyokataa kujaa?

Yaelekea mgeni huona zaidi. Kitabu kilichoitangaza Thika ulimwenguni, The Flame Trees of Thika cha mwaka wa 1959, kiliandikwa na Elspeth Huxley, aliyeletwa huko akiwa mtoto mdogo na wazazi walowezi. Yapo mengi ya kukosoa katika macho ya mlowezi, na wanafunzi wa fasihi wamefundishwa kuyakosoa. Lakini mtoto yule alikuwa na faida moja: hakuna kilichokuwa cha kawaida kwake. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema Waswahili. Mwenyeji wa Thika angepona kama angekuwa mgeni wa Thika kwa siku moja, akatembea hadi pale mito ya Chania na Thika inapokutana chini ya maporomoko yake, au akapanda Kilimambogo. Mlima huo una urefu wa mita 2,145 hivi, na ulifanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1967. Wamasai huuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Waswahili wakauita kwa mnyama wake, mbogo, na mnyama huyo bado yupo, kwa hiyo wapandao kwa miguu huomba askari wa hifadhi awasindikize. Njiani kuna kaburi la William Northrup McMillan, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1925, ambaye jina lake limo katika maktaba kongwe ya Nairobi. Wanafunzi waliokaa na vitabu katika maktaba hiyo bila kujua mwenye jina lile amezikwa wapi si wachache.

Lakini mlima ni rahisi. Mlima haumwaibishi mtu, humchosha tu. Lipo jambo gumu zaidi, nalo liko katikati ya mji.

Thika ina shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946. Vizazi vya Wakenya wasioona vimejifunza kusoma hapo kwa ncha za vidole, kwa maandishi ya nukta sita yaliyobuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyeyaunda mwaka wa 1824 akiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Nukta hizo sita, kwa kupangwa na kupanguliwa, hutoa alama sitini na tatu. Maelfu ya walimu na wanafunzi hupita karibu na shule hiyo kila mwaka. Ni wangapi miongoni mwa wenye shahada za Kiswahili wanaoweza kusoma kwa vidole neno moja, hata lile fupi kabisa?

Jambo hili likiwekwa katika orodha ya chumvi, kila kitu hugeuka. Aliyesoma riwaya arobaini na kuhakiki nusu yake anaketi na karatasi nyeupe isiyo na wino. Anapitisha kidole. Hahisi chochote ila mchanga. Mtoto wa darasa la pili aliye kando yake anasoma ukurasa na kugeuza. Kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na miaka sita, msomi huyu hajui kusoma. Atatoka pale akiwa ameuelewa ujinga kwa ngozi yake, na pengine atakapomrudia mwanafunzi wake wa kidato cha kwanza asiyeziona silabi katika mizani, hatapiga meza. Tena atakuwa amegundua jambo ambalo idara za fasihi huligusa kwa nadra: kuna wasomaji wa Kiswahili ambao idadi ya vitabu walivyo navyo inategemea kabisa ni nani aliyejisumbua kuvichapisha kwa nukta.

Yapo mengine ya namna hiyo, na yanaweza kupitwa haraka. Kutoa damu, kwa mwenye afya na uzani wa kilo hamsini. Kujifunza Lugha ya Ishara ya Kenya kiasi cha kuweza kuamkiana na jirani asiyesikia. Kumwomba mama wa Kikamba sokoni akuonyeshe namna ya kuanza kiondo, na kuvumilia kuchekwa. Kuogelea ukubwani, ambako watoto watakupita kama samaki.

Halafu kuna jambo linalowahusu wasomaji wa jarida hili peke yao, nalo ni la aibu kidogo. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka wa 1944. Diwani yake, Kichomi, ikachapishwa mwaka wa 1974, alipokuwa anatimiza miaka thelathini. Ilikuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na mtu aliyeyatoa wakati ule alijua fika kwamba angeshambuliwa na walinzi wa arudhi. Mgogoro huo sasa ni swali la mtihani. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili anaweza kuandika kurasa nne juu yake, kwa hoja za pande zote mbili, na akapata alama nzuri. Mwulize mwanafunzi huyo kama ametunga tarbia moja maishani, au shairi huru moja, au ubeti mmoja wa utenzi wenye mizani nane kila kipande, akausoma mbele ya watu. Atatazama sakafu. Taaluma ya fasihi imejaa wapishi wasioonja. Kijana wa Kiswahili anayekaribia thelathini akiwa hajatunga hata ubeti hahitaji nauli ya Dubai kutafuta jambo jipya.

Lisisahaulike la wasichana. Orodha ya mvulana huitwa ujasiri. Ya msichana huitwa kukosa mume. Akienda peke yake kwenye maporomoko, ataulizwa anamsubiri nani. Kwa hiyo kuna busara katika ile desturi ya kale ya rika: mambo haya na yafanywe kwa makundi, wanne au watano wanaotimiza miaka yao mwaka mmoja, mmoja akimshikia mwenzake mkoba, mwingine akikumbuka kubeba maji. Keki huliwa na mtu mmoja akitazamwa. Kizingiti huvukwa na kundi.

Mwalimu wa Ruiru amebakiza majuma kumi na moja. Jana usiku, stima ilipopotea, aliitoa karatasi yake akaisoma kwa mwanga wa simu. Aliifuta Dubai. Alilifuta gari. Lamu aliiacha, lakini akaiondolea ile "nikipata mchumba" na kuandika pembeni majina ya walimu wenzake wawili. Kilimambogo akaipa tarehe. Jumamosi hii, kwa mara ya kwanza, atakwenda Thika siku isiyo ya kazi. Atashuka vituo viwili kabla ya shule yake, atatembea hadi kwenye lango ambalo amelipita miaka sita akilitazama kupitia dirisha la matatu, na atamwuliza bawabu kama kuna mtu mle ndani anayeweza kumfundisha herufi ya kwanza. Katika maandishi yale, herufi a ni nukta moja.